Nyumba Iliyokula Ng'ombe

Makoye wa Didia ni mtu mwema, lakini ukitaka kumuudhi, muulize ana ng'ombe wangapi. Mtu mzima wa Kisukuma haulizwi hivyo. Ng'ombe si viazi vya kupangwa mafungu sokoni, na anayewahesabu hadharani anaita balaa lije liwapunguze. Balaa la Makoye lakini halikuitwa na mtu. Alilijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na akaliezeka.

Ujanani alichimba dhahabu Kharumwa, akapata kidogo, na kidogo hicho akakigeuza ng'ombe kabla marafiki hawajakigeuza pombe. Zizi likajaa. Nyumba ikabaki ileile ya bati bila dari, ambayo kila Oktoba iliwatoa watu nje mchana kama nyuki waliopulizwa moshi. Na moshi nao ulikuwapo, tena wa kutosha. Mkewe, Scolastika, alipikia kwenye kibanda cha nyasi, akichochea miti ya pamba iliyokauka, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima.

Baada ya binti yao Loveness kuolewa, Scolastika alimweka mumewe kitako.

"Baba Loveness, nimekupikia tangu nikiwa msichana. Macho haya yanakwisha. Jenga nyumba nitakayopika bila moshi, au ujifunze kusonga ugali."

Makoye alijijua. Uji tu humshinda. Wiki hiyohiyo akaenda Shinyanga mjini kumtafuta fundi Donatus, aliyesifika kwa kujenga nyumba zisizopata joto.

Donatus akachora nyumba ya kuta nene, yenye paa lililotokeza mbele kutoa kivuli, na madirisha yanayotazama upepo. Upande wa jua la jioni akaweka stoo. Juu ya dari akapanga kumwaga pumba za mpunga zizuie joto la bati. Makoye naye akaongeza matundu ya juu ukutani, kwa kuwa shimoni Kharumwa alijifunza kwamba hewa iliyoingia lazima ipewe pa kutokea. Nyuma ya jiko kungekuwa na mtambo wa gesi, yaani shimo lililojengewa na kufunikwa, ambamo mavi ya ng'ombe hukorogwa na maji, yakachacha, na gesi yake ikapita kwenye bomba hadi kwenye jiko.

"Samahani mzee," Donatus akasema, "kabla sijachimba. Una ng'ombe wangapi?"

Makoye akavimba.

"Kijana, umekuja Usukumani kuniuliza mimi kama nina ng'ombe? Ukienda ziwani utamuuliza samaki kama ana maji?"

Donatus akaomba radhi na kuchukua sururu. Hakuuliza tena, na hapo ndipo kosa lilipokaa likatulia.

Ujenzi ukaanza kula. Msingi ulimmeza Waziri, fahali mwenye majivuno. Kuta zikameza kundi la mitamba. Bati lilimmeza Kidevu pamoja na ndama wake, na madirisha yakamaliza madume yaliyosalia. Kila mara Makoye alipompeleka mmoja mnadani alijiambia bado wapo, na kwa kuwa hakuwa akiwahesabu, walikuwapo daima. Shemeji yake Nkwabi, kaka wa Scolastika, mfugaji wa Kishapu, alipita siku moja akautazama ule mtambo.

"Shemeji, nyumba haizai," akasema.

"Wala haipotei porini," Makoye akamjibu, na hawakusemezana tena.

Mwishowe yakabaki mabomba ya gesi, na kwenye zizi akabaki Mabaka, ng'ombe kipenzi cha Scolastika. Makoye alimpeleka mnadani alfajiri, akiwa na haya kidogo, na akarudi na mabomba begani. Scolastika aliyatazama mabomba, akalitazama zizi. Mwanaume mwenye busara angeogopa.

Mtambo ulijazwa kwa ule mlima wa samadi uliobaki zizini. Siku ya majaribio moto wa buluu uliwaka, chai ikachemka, na Makoye akarukaruka kama aliyeona mwamba wa dhahabu.

"Sihamii kwa ajili ya chai," Scolastika akasema. "Nitahamia siku nitakapowapikia wageni ugali humu."

Siku hiyo ikafika, mwezi mzima baadaye. Katekista Marselino alibariki vyumba vyote hadi stoo. Jua la nje lilikuwa la kuchoma kisogo, lakini ndani kulikuwa na ubaridi mtamu, na jirani Enock, aliyekuwa akisema pumba zile ni chakula cha panya, alijilaza sakafuni akakataa kuondoka. Makoye akawatembeza wageni: "Dirisha hili ni Kidume Mweusi. Gongeni ukuta, huyo ni mtamba wa Tinde."

Jikoni, Scolastika alikuwa ameshamwaga unga kwenye maji. Moto ukanywea. Ukatoa ulimi mdogo, ukakohoa, ukazimika. Mwiko ukasimama katikati ya ugali mbichi.

Makoye akakimbilia nyuma, akafunua pa kuingizia samadi. Palikuwa pakavu. Akageuka zizini kuchota nyingine, na kwa mara ya kwanza akaliona zizi lilivyo. Lilikuwa tupu. Nyumba yake ilihitaji kula mavi ya ng'ombe kila siku, na ng'ombe wote ilikuwa imekwisha kuwala.

Scolastika alibeba sufuria bila kelele, akavuka ua, akaumalizia ugali kwenye moshi. Usiku ule alilala nyumba ya zamani, na uliofuata pia. Makoye alilala peke yake kwenye ubaridi wa kifalme na hakupata usingizi. Alimsikia mkewe akikohoa ng'ambo ya ua, na ikamuuma.

Akaanza kutoka na ndoo, akifuata nyuma ng'ombe wa watu wakienda lamboni kunywa maji.

"Makoye!" Enock akamwita. "Siku hizi unachungia mkiani?"

Hata hizo ndoo hazikudumu. Mvua zilikuwa zinakaribia, kila mtu aliitaka samadi kwa shamba lake, na mavi yaliyokuwa ya bure jana leo yalikuwa na mwenyewe. Ikabaki njia moja, ile ambayo Wasukuma huiita kubilisa: mwenye mifugo humpa mwingine amtunzie, mtunzaji akanywa maziwa na kuchukua samadi, ng'ombe wakabaki wa mwenyewe. Makoye alikuwa amewahi kuwapa watu wengi. Kupewa hakuwahi. Akapanda basi la Kishapu.

"Mwangaluka, shemeji," akasalimia kwa Kisukuma mlangoni kwa Nkwabi.

"Mwangaluka mhola. Nyumba imezaa?"

"Haijazaa. Ina njaa." Akatazama chini. "Nimekuja kuomba ng'ombe wa kubilisa. Mimi mwenyewe sina hata mmoja."

Alikuwa amelisema. Ardhi haikupasuka.

Nkwabi alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akampeleka zizini. Ng'ombe mmoja akainua kichwa, akaja moja kwa moja kumlamba Makoye mkono. Alikuwa Mabaka. Nyuma yake alisimama Kidevu na ndama wake, aliyekwisha kuwa mtamba.

"Dada alinipigia simu," Nkwabi akasema. "Akaniambia, mume wangu anawamaliza mnadani, ukiwaona hao wanunue, usiwaache. Ila alinikataza kukurudishia mpaka uje kuomba kwa mdomo wako."

Makoye hakujua acheke au alie, akamshika Mabaka shingo.

Siku chache baada ya ng'ombe kufika Didia, mtambo ulishiba. Scolastika akavuka ua na sufuria yake, akawasha, akasonga ugali tangu mwanzo hadi mwisho. Makoye alikaa kwenye kigoda akiuchunga moto kwa macho. Akamwona mkewe anajipangusa uso kwa kanga, akaruka kukagua bomba.

"Linavuja? Moshi umetoka wapi?"

"Kaa chini, Baba Loveness. Humu hamna moshi."

Akakaa. Scolastika akaupua ugali, akaupakua, na jioni ile akavuka ua mara ya mwisho kwenda kuchukua godoro lake.