Shangazi Alivyomtoa Shemeji

Mwaka wa pili tangu tuhame Unguja, uani kwetu Maskati palikuwa na timu mbili za raundas, zote za wanawake. Mchezo tuliujua tangu skuli: mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo. Mpira wetu ulikuwa matambara yaliyoshonwa juu ya kijiwe, na gongo letu shina la kuti la mtende, pana kama kafi. Wanaume wakishatoka, tunafunga mlango, tunajikaza kanga viunoni, tunaanza. Anayetolewa huenda kisimani kuteka maji.

Mrushaji wa kuogopwa alikuwa shangazi yangu, mnene, magoti mabovu, hawezi kukimbia hata akifukuzwa na ng'ombe. Lakini mkono wake! Mpira huuoni ulipopita, unausikia tu ukigonga ukuta.

Basi akaja likizo shemeji yangu, mume wa dada, karani wa kampuni ya mafuta huko Saudia. Asubuhi moja alirudi nyumbani kabla ya wakati, akatukuta uani. Tulidhani atakasirika, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wamarekani kazini kwetu wana mchezo kama huu, wanauita besiboli. Mrushaji akikukosesha mara tatu, umetoka. Na kwao kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo."

"Wanalipwa?" shangazi akauliza. "Kwa kurusha tu?"

"Na anayewatoa watu wengi kuliko wenzake hutiwa picha gazetini. Mimi nimecheza nao, na hakuna aliyenitoa."

Shangazi akamtazama vizuri, akampa gongo.

Shemeji akakunja mikono ya dishdasha, kanzu yake ya Kiarabu. Dada akachutama nyuma yake kudaka. Shangazi akainua mkono, kisha akauliza kwa upole, "Mama yako hajambo, mwanangu?"

"Hajambo, shangazi, anakusali—"

Pu! Mpira ukutani.

"Shangazi, hiyo si haki!"

"Nnakuuliza hali ya mama yako, unasema si haki? Ndivyo walivyokufunza huko?"

Akarudishiwa mpira. "Na babu yako kule Bawshar, kifua kimepoa?"

Shemeji alijitahidi, midomo ikamcheza. Lakini kutomjibu mtu mzima hakukuweza. "Kimepoa, alhamdu—"

Pu!

Mara ya tatu akabana meno, akasimama akingojea swali. Shangazi hakuuliza kitu. Alirusha kimya kimya, mpira wa kasi kuliko yote niliyopata kuiona, na shemeji akabaki na gongo begani.

"Mtungi ule pale," shangazi akasema.

Akatoka nje kwenda kisimani, maskini, na dishdasha yake iliyopigwa pasi. Rafiki zake walikuwa barazani wakinywa kahawa.

"Kulikoni leo unateka maji?"

Aseme nini? "Mke wangu mgonjwa."

Haikufika alasiri wageni wakaanza kubisha hodi. Dada alikuwa jikoni anapara samaki. Tukamvuta hivyo hivyo na magamba mikononi, tukamlaza, tukamfunga kitambaa kichwani. Ukaja uji, ikaja supu ya kuku. Shangazi alikaa pembeni akivuta pumzi kwa huzuni. "Imemwanza ghafla tu," akasema. Dada akauuma mto asicheke, na wageni wakaona ni maumivu. Bibi mmoja akamwinamia sikioni akamuuliza mimba ya mwezi wa ngapi.

Kufika magharibi, mtaa mzima unampongeza shemeji. Hapo akashindwa, akaenda barazani akasema kweli yote: uani, gongo, shangazi. Hawakumwamini. Mwanamke mwenye magoti mabovu?

Asubuhi ya pili uchochoro wetu ulijaa wanaume wanaofunga kanda za viatu ambazo hazikufunguka. Tuliwasikia wakikohoa nje ya ukuta. Dada, aliyeshiba supu na kulala vizuri, akatoka kitandani, akashika gongo, akamwashiria shangazi arushe. Aliupiga mpira ukaruka ukuta, tukasikia mtu akisema "Akh!" na vikombe vya kahawa vikianguka.

Hakuna aliyeurudisha. Shangazi akashona mwingine siku ile ile, mzito zaidi kidogo.