Usiyasugue Mawe ya Kijito

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Kasulu, mwaka uliofuata baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila kufungwa, nikiwa mwalimu mgeni na mke wa mwaka mmoja tu. Usinicheke, mwanangu, ukasema hayo si ya kale. Nilikuwa mbichi kweli, na kuishi kwingi ni kuona mengi.

Mume wangu alikuwa amemleta mama yake kutoka kijijini Nyakitonto ili tumtunze, kwa kuwa alikuwa ametoka kuugua. Nami, mtoto wa Tanga niliyefundwa kwamba mama mkwe hapaswi kuguswa na moshi wa jiko, nilimtunza hasa. Hakushika ufagio. Hakuchambua hata maharage. Alikaa kwenye kochi na kitenge kipya, nikimpelekea chai, uji na maji ya kunawa. Hospitali walisema amepona, lakini kila siku alikula kidogo kuliko jana. Mume wangu akaniuliza kama mama anatuacha. Niliogopa, mwanangu. Nilimpenda yule mama.

Ili kumchangamsha, nilimwomba fundi vioo aniundie tangi, nikatia humo samaki wadogo wa kijitoni, wale wa rangi ya mchanga wanaojibandika kwenye mawe kwa tumbo ili maji yasiwachukue. Jirani akawa ananiuliza wataiva lini. Watu waliozoea kula migebuka ya Ziwa Tanganyika, ukiwaambia samaki wa kutazamwa tu, wanakuona umechanganyikiwa. Nikanunua pampu ya hewa, na kwa kuwa napenda usafi, kila Jumamosi niliyatoa mawe nikayasugua kwa brashi mpaka yakang'aa. Makombo ya mkate niliyowarushia hawakuyagusa. Wakakonda, matumbo yakaingia ndani.

Asubuhi hiyo mama alinikuta uani nasugua. Akajikongoja hadi kwenye beseni, akachukua jiwe moja na kulipapasa.

"Mwanangu, utelezi wa hapa umeupeleka wapi?"

"Nimeutoa, mama. Ulikuwa uchafu."

"Ndicho chakula chao. Kule kijitoni wanashinda wakilamba mawe. Wewe umewapa nyumba nzuri, ukawanyima kazi." Akalirudisha jiwe taratibu, kisha akasema bila kuniangalia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina miezi hapa. Jembe la nyumba hii liko wapi?"

Nililia pale pale, mikono ikichuruzika maji. Hakunifokea. Alinifuta machozi kwa ncha ya kitenge kile kipya, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kilipata kazi.

Mume wangu aliporudi alimkuta mama yake nyuma ya nyumba anapiga matuta ya maharage. Akanigeukia kwa hasira. "Mwache mwenzio," mama akamwambia, "nimeomba mwenyewe." Jioni hiyo alikula ugali wa muhogo, akaongeza, kisha akanikosoa kwamba mboga imezidi chumvi. Sijawahi kufurahia kukosolewa namna ile.

Mawe mengine tulikwenda kuyatafuta pamoja kijitoni, yaliyoota kijani, tukalisogeza tangi dirishani penye mwanga ili utelezi usife. Umeme wa Kasulu ulikatika ulivyotaka. Pampu ikizimika, tulipokezana kuchota maji ya tangini kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, samaki wapate pumzi. Katika kupokezana huko ndipo tulipojuana, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka wenyewe.

Sasa nawe, mwanangu, unakwenda Kibondo kumchukua mama mkwe wako. Nasikia umeshanunua kochi. Vizuri, lakini kabla hujamkalisha, muulize kwake alizoea kushika nini asubuhi. Mpunguzie mzigo unaomuumiza, si ule unaomfanya ajione mtu. Mwachie chungu chake, mkatie tuta lake, na siku atakapoanza kulalamikia mboga yako, nyamaza ushukuru.

Nenda salama. Mungu akujalie mkwe wa kugombania naye mwiko, na chakula cha jioni ambacho mwanaume akila hajui nani kati yenu amekipika.