Kutazamana na Mkwe

Watu hujificha kunywa. Masele yeye alijificha kuacha! Anaishi Kalangalala, mjini Geita, na pale hakuna asiyemjua, kuanzia vijana wa karasha anakosaga mawe ya dhahabu mpaka mama muuza gongo anayemwita "mteja wangu" mbele za watu. Angeonekana akiingia kwenye kikundi cha walevi wanaoacha pombe hapo mjini, wangemcheka mpaka Krismasi. Kwa hiyo Boaz, mwenzake wa karasha aliyekwisha kuacha pombe, alipomnong'oneza kwamba kuna kikundi Ushirombo, kwenye darasa moja nyuma ya kanisa, Masele alishukuru kwamba ni mbali.

Aliyemsukuma ni mkewe, Vumilia. Masele alikuwa amemsahau binti yao Rhoda stendi, mtoto wa chekechea, jamani! Aliingia kilabuni "kidogo tu", akatoka giza limeshaingia. Wakatisha tiketi ndio waliokaa na mtoto, amelia mpaka sauti imekauka. Vumilia hakupiga kelele. Alifunga nguo, akambeba mwanawe, akarudi kwa mama yake Katoro. Alimwachia mumewe neno moja: "Usikanyage kwetu mpaka uwe umeingia kikundi cha kuacha pombe. Na ukikitoroka, ndiyo basi tena."

Sasa fikiria hofu aliyokwenda nayo Ushirombo. Kila anayepita anamdhania ni mtu wa Geita aliyemtambua. Mwenyekiti wa kikundi, Pantaleo, dereva wa lori wa zamani mwenye sauti nzito, alimpokea mlangoni.

"Karibu, baba. Kinachosemwa humu kinabaki humu. Kaa popote."

Masele akakaa, akainua uso. Mungu wangu! Kwenye kiti cha mbele yake, kitenge kimevutwa mpaka kwenye nyusi, alikuwa mama yake Vumilia.

Msukuma yeyote anaijua aibu hii. Mama mkwe hutazamani naye, humpi mkono, huli naye sahani moja. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Na hawa wawili walikuwa wametazamana, magoti karibu yagusane, kwenye chumba cha walevi! Masele aliruka kama aliyekalia siafu, akageuza kiti kikaelekea ukutani. Mama naye akageuza chake.

"Vipi tena jamani? Mmegombana?" Pantaleo akauliza.

"Ni mkwe," Masele alisema, jasho linamtiririka.

Pantaleo, Msukuma mwenyewe, akaguna. "Basi kaeni hivyo hivyo."

Kichwani mwa Masele lilikuwepo wazo moja tu: amekuja kunichunguza. Vumilia amemtuma aje aone kama kweli nimekuja. Alitamani mlango. Lakini akitoka, mke na mtoto ndiyo kwaheri, kwa hiyo alikaa akiutazama ukuta.

"Mama, leo ni zamu yako," Pantaleo alisema.

"Naitwa Juliana," sauti ikatoka nyuma ya mgongo wa Masele. "Mimi ni mlevi."

Wee! Mama wa kwaya huyu? Masele almanusura ageuke.

"Nyumbani hawajui," mama aliendelea. "Gongo naiweka kwenye chupa ya chai. Binti yangu amemkimbia mume mlevi, akaja kwangu na mtoto. Akienda sokoni ananiachia mimi. Wiki hii nilikunywa, nikalala. Kuamka, mtoto hayupo. Nyuma ya nyumba kuna shimo waliloliacha wachimbaji. Nilimkuta ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, anatupia kokoto ndani asikie zinavyoanguka. Nilimbeba. Nikamwambia asimwambie mama yake. Halafu nikanywa tena, ili mikono iache kutetemeka."

Masele aliona giza. Hasira ilimpanda mpaka kooni, akafungua mdomo amtukane, mkwe au si mkwe. Tusi halikutoka. Angemtukana kwa lipi ambalo yeye hakulifanya pale stendi? Alibaki ameshika kiti kwa mikono yote miwili, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwa sababu saa ile ile Rhoda alikuwa Katoro, na shimo lilikuwa pale pale.

"Bwana Pantaleo," mama alisema, maana mkwe haambiwi moja kwa moja, "mwambie huyo baba akamchukue mwanawe."

Masele angeweza kwenda Katoro, akaondoka huko mshindi, mtoto mkononi na mke nyuma yake.

"Mwambie mama," alisema, "nimchukue nimpeleke wapi? Mimi jana nilikunywa."

Pantaleo hakuwa na haja ya kurudia maneno, lakini aliyarudia, taratibu, kama mila inavyotaka.

"Basi mwambie twende wote leo hii," mama alisema. "Tukamwambie Vumilia asimwache mtoto na yeyote kati yetu."

"Mwambie mama, Vumilia atanifukuza."

"Mwambie..." Sauti ilimkatika, akaanza upya. "Mwambie ataanza na mimi."

Masele akasimama, uso bado ukutani.

"Mwambie mama atangulie," alisema. "Nitamfuata kwa nyuma."