Hoho za Kuunguza Makusudi

Mama aliponipigia simu kuniambia kwamba siku hizi hasikii, nilifanya ambacho mtu yeyote angefanya. Nilipaza sauti. Nilikuwa nyumbani kwangu Mjimwema, Njombe mjini, napiga pasi sare za watoto, na yeye alikuwa kwake Mahongole, upande wa Makambako. Akasema, "Tangu yale mafua yaliyonilaza, mwanangu, sisikii kabisa." Nikapaza zaidi, mpaka jirani yangu akachungulia uani aone nagombana na nani.

Ukweli ni kwamba alikuwa ananijibu vizuri tu, neno kwa neno, na mtu mwingine angeshtuka. Mimi nikishaamua jambo huwa sishtuki. Nilimpigia mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Iringa, nikamwambia mama masikio yamekwisha. Kesho yake akatuma simu mpya yenye spika ya kutosha kuendeshea harusi. Mimi nikaenda kumchukua mama nimpeleke kwa daktari, na garini nilikuwa namwinamia na kumpigia kelele za sikioni kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Yeye alikuwa akitazama misonobari inavyopita. Baadaye aliniambia alidhani nina matatizo na mume wangu.

Daktari alikuwa wa masikio, pua na koo. Alisimama nyuma ya mama akawa ananong'ona maneno, na mama anayarudia yote, hata lile alilolisema kwa bahati mbaya akimwambia muuguzi afunge dirisha. Akasema hayo masikio ni mazima kuliko ya kwake. Mama akamsubiri kwa adabu, kisha akamuuliza, "Sasa pua utaniangalia lini, mwanangu?"

"Pua ina nini, mama?"

"Si nimesema sisikii. Naweka kitunguu kwenye mafuta, sisikii. Nafungua mfuniko, sisikii."

Kumbe harufu. Kunusa ni mpaka ukusudie; harufu inayokujia yenyewe Kiswahili huipitisha mlango ule ule wa sauti, zote tunazisikia. Nimekizungumza tangu darasa la kwanza, na sikuwahi kulitilia maanani jambo hilo mpaka siku ile. Daktari alicheka akaweka kalamu chini. Alipoishika tena hakuwa anacheka. Alisema mafua makali huweza kuondoka na harufu, na kwa wengine hurudi polepole, vipande vipande, kwa wengine hairudi. Dawa ya kuiharakisha hana. Mama awe ananusa vitu anavyovifahamu, kila siku, na asubiri.

Tulicheka njia nzima ya kurudi. Kicheko kile kiliisha wiki ile ya baridi mama alipoinjika maharage, akafunga milango yote kwa sababu ya upepo, akaenda chumbani kushona kanga iliyochanika. Maharage yakakauka, yakaungua, sufuria ikawa nyekundu, na kikapu kilichokuwa karibu na jiko kikashika moto. Jirani yake aliona moshi unatokea chini ya bati akaja mbio, akauzima moto. Alimkuta mama ameketi kitandani na sindano yake, katikati ya harufu ambayo mtu wa barabarani angeisikia. Mama akamwinulia uso wake mtulivu na kumsalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene. Karibu, mbona unahema?"

Uso ule mtulivu ndio ulionimaliza, niliposimuliwa. Mdogo wangu alisema basi, mama ahamie kwangu Njombe, asikae tena na moto peke yake. Nikakubali. Tulijiandaa kwa vita, maana mama nyumba ile ameingia akiwa bibi harusi, ana kuku wake, ana benchi lake kanisani, na kaburi la baba liko hatua chache kutoka kwenye migomba. Vita havikuja. Alisema tu, "Mnayosema ni kweli." Katika maisha yangu yote sikumbuki mama kumwambia mtu kwamba anachosema ni kweli.

Sasa niseme habari ya hoho, maana bila hizo hadithi hii haina mguu wa pili.

Kabla ya kuolewa mama alikuwa msichana wa jikoni kwenye misheni moja ya Wakatoliki karibu na Njombe, palipokuwa na masista Waitaliano. Aliyokaririshwa huko ni sala nyingi na chakula kimoja. Sala zimepungua. Chakula amekileta Mahongole, akakipika miaka yote, na majirani walichukua muda mrefu kukielewa, kwa sababu kwetu mwanamke akiunguza mboga hufichiwa aibu hiyo na watu wa nyumbani. Mama aliunguza mboga mchana kweupe, nje, kwa makusudi, kisha akaita wageni.

Kwanza unaziacha hoho shambani mpaka ziwe nyekundu. Hapo tu umeshagombana na wakulima wote wa Makambako, ambao huzichuma zikiwa kijani, na wakiona nyekundu kwako wanakuuliza kama ulikuwa mgonjwa. Unawasha jiko la mkaa, unasubiri makaa yawe na jivu jeupe juu, unazilaza hoho nzima nzima pale pale, bila mafuta, bila kukata. Ganda linafura malengelenge, linakuwa jeusi. Unageuza. Zikishakuwa nyeusi pande zote unazitia kwenye sufuria, unafunika, zitoke jasho. Baadaye ganda linamenyeka kwa vidole, na ndani kuna nyama nyekundu laini inayoteleza. Hapo ndipo mgeni wa kazi hukosea: anaona masizi, anakimbilia maji. Shangazi yangu mmoja, mtu msafi kupindukia, aliwahi kuziosha zote kwenye beseni akidhani anasaidia. Mama hakumgombeza, ila alikuwa akimsimulia kila Krismasi. Ukiziosha umemwaga utamu wote. Masizi yanafutwa kwa vidole, na yanayobaki unakula. Unachana vipande virefu, unatia chumvi, kitunguu swaumu, siki kidogo, na mafuta. Masista walikuwa na mafuta ya zeituni kutoka kwao. Mama ana ya alizeti kutoka mashine ya Makambako, na anasema Waitaliano wangeyajua wasingehangaika kupanda zeituni. Sisi tunakula na viazi vya kuchemsha.

Yeye huziita peperoni, alivyofundishwa. Ndiyo maana niliwahi kubishana na mhudumu wa hoteli mjini aliyeniletea nyama juu ya mkate, nikamwambia peperoni ni mboga, naijua tangu tumboni. Hakuniamini, na chakula nilikilipia.

Lakini siri yake haikuwa kwenye macho. Weusi unadanganya, mama alikuwa akisema. Hoho inaweza kuwa nyeusi nje na mbichi ndani. Kinachokuambia ni pua. Mwanzo inanuka jani bichi. Kisha inakuja harufu tamu. Kisha ile tamu inakaribia kuwa ya sukari iliyoungua, na hapo hapo, kabla haijafika, unageuza. Sisi tukiwa wadogo alikuwa anakaa mbali na jiko, anachambua mchicha na mgongo ameupa moto, na anatuamrisha: geuza, acha, toa. Hakuwa anatazama hata kidogo.

Tangu mafua yale hakuwahi kuzichoma tena. Nilimuuliza mara moja, akasema kipofu hachungi kuku.

Siku ya kumhamisha nilifika Mahongole asubuhi, kuna ukungu na manyunyu. Nilikuta ameshafunga mablanketi, na sufuria yake kubwa ameitia kwenye gunia, mdomo wa gunia umefungwa kwa kamba. Kuku walikuwa wameshapelekwa kwa jirani. Tukanywa chai. Kisha akasema nje, kando ya ukuta wa jiko, kuna hoho zimeiva, nyekundu zote, hawezi kuziachia ndege. Nizichume nizichome, tutazila na viazi, ndipo tuondoke.

"Utanielekeza?" nilimuuliza.

"Mimi nina nini cha kukuelekeza? Tazama kwa macho."

Akaingia chumbani kumalizia kukunja kanga, akafunga mlango kwa ajili ya baridi. Mimi nikaweka jiko barazani, upande wa pili wa nyumba. Nilizilaza hoho kwenye makaa, nikachutama, na mara simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu.

Aliuliza kama tumeshatoka. Nikamwambia bado, tunachoma hoho. Akauliza hoho za nini tena, dada, mtakosa gari. Nikamwambia kama ana haraka aje amfungie mama mlango yeye, mimi siwezi kuufunga kwa mikono yangu. Tukaanza kubishana. Yeye na mimi hatujui kuzungumza bila kuanza. Alisema anajua ni vigumu, lakini mama hawezi kukaa peke yake, hawezi, siku moja tutapigiwa simu ya kilio, na je, nitajisikiaje. Nikapandisha sauti. Hoho nilizisahau kabisa.

Ndipo ikatoka sauti ya mama kutoka chumbani, ile sauti ya zamani ya kuamrisha, haina hata haraka.

"Geuza hizo."

"Nageuza, mama," nikasema, nikageuza, nikaendelea kubishana.

Niligeuza tatu au nne. Kisha mkono ukasimama.

Chumbani kuna dirisha moja, linatazama migomba, na lilikuwa limefungwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Barazani sikuonekana wala jiko halikuonekana. Nikaita, "Mama, umejuaje?"

Nikasikia kitanda kinalia, mtu anainuka. Mlango ukafunguliwa polepole, mama akaja mpaka barazani na kanga moja haijakunjwa mkononi, amesimama ameinua kidevu kama mtu anayeitwa kwa mbali.

"Nimesikia," akasema.

Kwenye simu mdogo wangu alikuwa anaita halo, halo. "Mama anasema nini? Mtandao unakata."

"Anasema amesikia," nikamwambia.

Nadhani alikuwa anahesabu yote aliyoyasema kwa sauti kubwa. "Amesikia?" akauliza kwa upole. "Amesikia yote? Dada, ungeniambia spika iko wazi."

"Si wewe," nikasema. "Hoho. Amesikia hoho." Na nikalia pale pale nimechutama, koleo mkononi, machozi yanadondokea kwenye makaa.

Sikuamini kirahisi, hata hivyo. Nikishalia huwa nataka ushahidi. Nilimwambia afumbe macho, nikawa namletea vitu puani. Sabuni, hakuna. Kitunguu, hakuna. Mafuta ya taa yalimfanya akunje uso, akasema kuna kitu kwa mbali ila hakijui jina. Nikaokota ganda lililoungua, nikalipeleka kimyakimya, nikalizungusha nyuma ya kichwa chake. Akageuka kulifuata, macho yake yamefumbwa.

"Hilo," akasema. "Hilo hapo."

Mdogo wangu alikuwa bado hewani. Nilimweleza: sabuni hasikii, kitunguu hasikii, anasikia kinachoungua. Nilisubiri aseme haitoshi, nina maneno yangu tayari. Safari hii hakubisha. Akasema kama Mungu alikuwa anarudisha kitu kimoja tu kwanza, basi amechagua vizuri. Basi abaki, akasema, ila niongee na jirani awe anapita jioni, na milango ya jikoni isifungwe moto ukiwaka. Mama akaninyang'anya simu akamwambia kwa sauti ya harusi, "Haya, tumesikia wote," akakata.

Tulizimenya zilizobaki. Zile nilizozisahau zilikuwa zimepitiliza, na mama alizichambua upande akisema hizi zimeungua kwa ubishi. Hakuosha hata moja. Tulikula na viazi, mikono imepakaa masizi na mafuta, na alikuwa anaweka kila kipande karibu na pua kabla hajakitia mdomoni, anasimama, anatafuna, anarudia. Sijawahi kumwona mtu anakula polepole namna ile. Nilikuwa mwepesi mwili mzima, nacheka hovyo, nikamwambia alikuwa ametuzingua makusudi asihame. Akasema hakuwa na uwezo huo, ila angekuwa nao angeutumia mapema.

Mchana ukungu ulitoka. Nilifungua gunia nikatoa sufuria yake kubwa, na yeye mwenyewe akaenda kwa jirani kudai kuku wake. Aliporudi alipepeta maharage, akaosha, akayainjika, akafungua mlango wa jikoni wazi kabisa na kuuwekea jiwe. Kisha akanisindikiza mpaka njia panda, nikapanda gari la kwenda Njombe, nikamwacha mama yangu na maharage motoni.