Kijani Nilichokiiba Barabarani

Mwanangu, kila nikisikia lori linazimwa ghafla barabarani, naikumbuka siku ile ya Kibumba.

Nilikuwa kijana. Shule niliiacha mapema, miguu haikutulia, macho yalitaka kujua kila kitu. Mwaka ule nilipata kazi ya kupanga rangi za mchezo wa kwenye mtandao. Wachezaji walio mbali huvalisha watu wao makoti, viatu na mifuko. Mimi nilikipangia kila kitu rangi nne zinazopatana: ya kitambaa, ya kivuli, ya mshono, ya vifungo. Sikuzibuni. Nilipiga picha jani la kabichi au jiwe la volkano, kisha nikazitoa humo kwa simu. Rangi haina mwenyewe, nilijiambia.

Tulikuwa juu ya lori la mboga tukirudi Goma kutoka Kibumba. Kabla ya Kibati, bariera: kizuizi cha barabarani, kando ya nyumba moja. Mtu mwenye bunduki alisimama chini yangu, koti lake la mvua limepauka mabegani, kijani ambacho sijawahi kukiona. Nikapiga picha.

"Nani anapiga foto huko juu? Shukeni wote!"

Woga ni mshauri mbaya. Niliisukuma simu ndani ya gunia la karoti la Mama Kavira, mjane wa mtaa wa Mapendo aliyesogea nipate pa kukaa. Wale wenye bunduki hawakukawia kuipata.

"Mama, karoti zinapigaka foto siku hizi?"

"Sijue, papa. Si yangu."

"Utatuambia ya nani, huko nyuma ya nyumba."

Wakamshika mkono. Alinitazama mara moja tu, nikafahamu kwamba anajua. Hakunitaja. Akaanza kutembea, nami nikazihesabu hatua zake. Alikuwa amepiga hatua saba ndipo sauti ikanitoka: "Ni yangu."

Walinipiga. Mkubwa wao alizipitia picha: kabichi, mawe, lile koti. Nilimweleza mchezo. "Uko mwehu," akasema, akaivunja simu kwa kitako cha bunduki. Tukaachiliwa. Hadi leo sijui kwa nini.

Lorini nilianza kuomba msamaha. Mama Kavira akanikatiza.

"Nyamaza kwanza, mutoto. Uliona koti. Mutu aliye ndani ulimuona? Na mimi uliniona, ao uliona gunia?"

Nikaanza kuzirudisha karoti zake guniani, moja moja.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Siku ile nilichimba mimi, karibu aingie mama wa watu. Udadisi wako usiuzime, mwanangu. Mimi mwenyewe bado nao. Lakini kabla ya kuchukua hata rangi, mtazame aliyeivaa, kisha uliza. Na ukikosea, sema "ni yangu" kabla mwenzako hajainuka kwenda kukulipia.

Mungu akupitishe salama kila bariera, na kosa lako lisimwangukie mtu aliyekupa nafasi ya kukaa.