Kikombe cha Poliksene

Mwaka ule theluji iliiangukia Karidia mpaka kuku wa Evanthia wakawa wanaingia nyumbani kwa kupitia paani, na asiyesadiki akawaulize kuku wenyewe. Kijijini walikuwa wamebaki watu saba. Wanne hawatoki kitandani, mmoja ni mchunga kondoo ambaye tangu avunjikiwe uchumba ameacha kusema. Milima ya Epiro ndivyo ilivyo: vijana wanakwenda mjini Yannena, wanakwenda Athene, wanavuka bahari kwenda Melbon, wanarudi mwezi wa Agosti kula na kucheza ngoma uwanjani, kisha Septemba milango inapigwa kufuli.

Evanthia alikuwa na miaka sabini na minne, mjane wa mzee Lambros, na mtoto wake mmoja tu, Stergios, alikuwa fundi bomba huko Melbon. Kiangazi kilichopita Stergios alikuja akamwekea masharti. Kama Poliksene, jirani wa ng'ambo ya uchochoro, atahamia kwake majira ya baridi wakae wawili, sawa. Kama sivyo, iko nyumba ya wazee Yannena, safi, ina joto, vitanda sita kila chumba na redio moja.

"Redio moja kwa vikongwe sita," Evanthia alimwambia. "Unataka nife kwa ngumi?"

Poliksene akahamia kweli, na mtandio wake na kikombe chake cha kahawa chenye mstari wa buluu. Walikaa wiki tatu wakigombana kwa raha zao. Kabla ya Oktoba kwisha akaja binti yake Poliksene na gari, akambeba mama yake, sanamu zake takatifu na kuku wake mmoja mwenye kilema. Mtandio ulisahauliwa msumarini, kikombe kikasahauliwa rafuni. Evanthia hakumwambia Stergios.

Sasa huyo Stergios alikuwa na binti wa miaka kumi, aliyepewa jina la bibi yake kama inavyopasa, ila kule Melbon walilikata wakamwita Evi. Evi alisoma Kigiriki kila Jumamosi kwenye shule ya wahamiaji. Mama yake hakukijua hata neno, baba alirudi kazini hoi. Kwa hiyo Jumapili saa nne asubuhi, Evanthia akishatoka kanisani kuwasha mshumaa, simu ililia, na mtoto akataka msaada wa kazi ya nyumbani. Mwalimu wao alikuwa na njia moja tu ya kufundisha: chagua chumba, eleza vitu vilivyomo, kila kimoja kiko wapi, kikoje, cha nani. Evi alichagua chumba cha bibi yake, ambacho hakuwahi kukiona.

Shule, Evanthia aliisoma majira mawili ya baridi, ya tatu akakabidhiwa mbuzi. Sarufi aliijua kama anavyojua kutembea, bila kujua mguu upi unatangulia. Lakini mtoto alipouliza kwa nini kwa Kigiriki vitu vingine ni wanaume, vingine wanawake, na vingine si huku wala kule, bibi hakukwama. Kochi ni mwanamume, alimwambia, ndiyo maana haliinuki hata sakafu ikifagiliwa. Jiko la kuni ni mwanamke, likizimika ndipo watu wanakumbuka kuwa lilikuwepo. Meza ni mtoto, imekaa katikati ili kila mtu aiangalie. Na kioo, mwanamume yule, amekuwa akiitongoza taa kwa miaka arobaini, na taa haijamjibu. Evi aliandika yote. Mwalimu alimpa alama nzuri na kumwekea alama ya kuuliza pale kwenye kioo.

Hivyo wakaenda mpaka katikati ya Novemba. Jumapili moja Evi akalalamika.

"Bibi, kila kitu ni changu, changu, changu. Mwalimu anataka na chake."

"Chake nani?"

"Mtu mwingine aliyemo chumbani."

Evanthia alikizungusha macho chumba. Kochi, jiko, taa, picha ya Lambros akiwa na sare ya jeshi. Hakuwahi kuona jinsi vitu vyake vilivyokuwa vyake mno.

"Mtandio ule msumarini," akasema, "ni wa Poliksene."

Ikawa ndivyo. Ila Evanthia hakupenda uongo mkavu. Akikieleza kitu alitaka kiwe mbele ya macho yake, akiguse, mtoto asije akapata picha mbovu. Basi Jumapili iliyofuata alichemsha kahawa mbili, akauvika mtandio kwenye kiti cha karibu na dirisha, akaweka kikombe cha mstari wa buluu mbele ya kiti. Ndipo akashika simu. Kiti kiko wapi? Kando ya dirisha. Nani amekikalia? Shangazi Poliksene. Mbele yake kuna nini? Kikombe. Kikombe kikoje? Kimejaa.

Majira ya baridi yakaendelea, na Poliksene akanawiri. Alifuma blanketi jekundu ambalo kufika Krismasi lilikuwa limepita mlangoni na kumkwaza tarishi. Alikoroma mpaka mbwamwitu wakahama mlima. Evi alicheka, akaandika: blanketi lake, sauti yake, kikombe chake kimejaa. Simu ikishakatwa, Evanthia alikaa akisikiliza kuni zinavyoungua. Baada ya Mwaka Mpya alianza kukiweka kikombe kile hata siku zisizo za Jumapili. Hakujiuliza kwa nini. Jioni alikimwaga na kukiosha.

Jumatano moja ya Februari, mchana, simu ililia. Evanthia alikuwa amepiga magoti akizoa majivu. Alikuwa Stergios, na Stergios hajawahi kupiga simu Jumatano. Akauliza habari za theluji, akauliza habari za kuni.

"Mama, nipe shangazi Poliksene niongee naye."

"Yuko uani."

"Nitasubiri."

Evanthia alilaza simu mezani. Alikiona chumba cha vitanda sita kama vile kiko mbele yake. Akaenda mlangoni, akaufungua, akaufunga kwa kishindo, akarudi akiburuza miguu. Poliksene husemea puani na kuhema kama mtu aliyebeba gunia. Evanthia akahema.

"Nani huyo? Yule mwizi wa mapea yangu?"

Stergios alicheka, lakini kicheko kikakatika njiani.

"Ndimi, shangazi. Mama anaendeleaje?"

"Anaropoka kutwa. Masikio yangu yamechakaa."

"Nataka umfikishie neno. Mimi mwenyewe nashindwa."

"Haya, sema. Nazeeka hapa."

Evanthia aliusikia mlango ukifungwa kule Melbon.

"Baba alipofariki nilisema ndege zimejaa. Hazikujaa. Nilifungasha sanduku, nikaliweka mlangoni, nikakaa juu yake mpaka siku ya mazishi ikapita. Niliogopa kumwona amelala. Mwambie."

Evanthia alikuwa amesimama, mkono mmoja una majivu. Alitaka kulia kwa sauti yake, lakini iliyokuwa kwenye simu haikuwa yake.

"Nitamwambia," akasema puani. "Lakini yule alijua. Alijua siku ileile."

"Alisema nini?"

"Alisema mtoto wa Lambros hakuwahi kuweza kuangalia hata kuku akichinjwa."

Ng'ambo ya pili Stergios alipenga kamasi. Kisha akasema habari ya Yannena iachwe kwanza. Watakuja Pasaka yeye na Evi, mtoto anataka kukiona chumba, watazungumza wakiwa uso kwa uso.

"Na wewe, shangazi," akaongeza, "kikombe chako kinywe siku mojamoja. Evi ana wasiwasi. Ameniletea daftari, ameandika kimejaa, kimejaa, kimejaa, miezi mitatu."

Evanthia alikigeukia kikombe cha mstari wa buluu, alichokijaza asubuhi ile.

"Haya, mama," akasema Stergios taratibu. "Funga mlango, baridi isiingie."

Simu ikakatika.

Evanthia alinawa majivu. Alikiendea kiti cha dirishani, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Oktoba, akautoa mtandio mgongoni mwa kiti akajitanda, akakaa. Kutoka pale chumba kilikuwa kingine. Aliona upande wa kochi uliochanika, aliona Lambros akimtazama kwa ubavu, na ng'ambo ya meza akakiona kiti chake mwenyewe, kitupu, mto wake umebonyea katikati.

Akakivuta kikombe. Kahawa ilikuwa imepoa zamani, na Poliksene hakutia sukari maishani mwake. Akainywa hivyohivyo mpaka machicha.