Aliyebaki Amesimama Kwenye Dansi ya Ofisi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kuzificha. Siku mkurugenzi wetu alipotangaza kwamba mwisho wa mwaka idara zote za ofisi zitashindana kucheza dansi, nilisonya mbele yake. Vita vimeukamata mji wa Bukavu, mshahara umegeuka hadithi, na yeye anatuletea dansi! Kisha akataja zawadi. Washindi watapanda mashua ya moteri inayopeleka dawa kisiwani Idjwi, walale huko, kesho yake warudi. Palepale nikauliza mazoezi yanaanza lini.

Mama yangu alikuwa Idjwi. Tangu vita vifunge ziwa, abiria hawakuvuka, na sikuwa nimemtia machoni. Salamu zake zilinifikia kupitia wavuvi: "Mumuulize, anangojea nikufe ndo akuje?"

Watu wa lojistiki, wenzetu wa magari na stoo, nao walitaka kushinda, kwa ajili ya mananasi. Mananasi ya Idjwi ni matamu, sikatai. Lakini mimi namtaka mama, wao wanataka mananasi! Wiki nzima sikuwasalimia.

Uhasibu tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Alikuwepo maman sekretari, ambaye kiuno chake kilizunguka bila kumwomba ruhusa. Na mkuu wetu, mhasibu tuliyemwita Papa Comptable, mwenye tumbo la heshima, mzaliwa wa machimbo ya dhahabu ya Mwenga. Papa huyu alijua dansi moja tu, ile ya kupeleka matoleo kanisani: hatua mbili mbele, moja nyuma, mikono kifuani kama amebeba kikapu cha ndizi, macho yamefumbwa.

"Papa, hii iko ndombolo," nikamwambia. "Tingisha kidogo!"

"Maman, miye siwezi kutingisha kiuno mbele ya bibi za watu."

"Basi fungua macho!"

"Nikifungua, nasikia haya."

Nilitamani kumchapa kwa rula. Maman sekretari akanivuta pembeni, akaniambia tumweke nyuma, labda hawatamwona. Tukamweka nyuma, tumbo likaonekana hata hivyo.

Jumamosi mchana tukakusanyika kwenye uwanja wa ofisi, mtaani Nguba. Majaji walikaa nyuma ya meza: mkurugenzi, pasta mmoja na muuguzi. Lojistiki wakatangulia. Jamani, walicheza! Pasta akausahau upasta wake, akapiga makofi mpaka miwani ikamdondoka. Nikajua mama nimemkosa, na machozi yakanilenga.

Ikafika zamu yetu. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza, jenereta nyuma ya ukuta ikakohoa: PAA!

Watu wa miji mingine sijui hufanya nini wakisikia mlio wa namna hiyo. Sisi wa Bukavu, miaka ile, tulilala chini. Mwili ulitangulia, kichwa kikafuata baadaye. Uwanja mzima ulikwenda chini kwa pamoja. Mimi nilikuwa na nyasi mdomoni, maman sekretari amenilalia miguu, na majaji wote watatu wako chini ya meza. Muziki peke yake uliendelea, maana ulitoka kwenye redio ya betri.

Muziki na Papa Comptable. Macho kayafumba, anapeleka matoleo yake taratibu katikati ya watu waliolala, hatua mbili mbele, moja nyuma. Ile ya nyuma ikatua juu ya vidole vya mkuu wa lojistiki.

"Mama yangu we! Vidole yangu!"

Hapo ndipo tulipoinua vichwa na kuona moshi wa jenereta.

"Papa, haukusikia?" nikamuuliza.

"Nilisikia. Kwetu ku machimbo, baruti ikilia, watu wanajua kazi imeanza."

Mkurugenzi akatoka chini ya meza, tai imejaa vumbi. Akasema kwamba kutoka kule chini aliona miguu ya mtu mmoja tu ikicheza, na miguu hiyo ilikuwa ya uhasibu, basi zawadi ni ya uhasibu. Lojistiki wakafoka: "Ile haiko dansi, ile iko misa!" Pasta akajibu kwamba kwa misa haoni ubaya wowote. Nilimkumbatia Papa Comptable mpaka akaona haya kweli.

Tulivuka asubuhi yenye jua. Njia nzima nilikuwa nikimsimulia maman sekretari habari za Idjwi: kule hakuna bunduki, kule watu wanalala usingizi mpaka wanakoroma, mama yangu hajui vita ni kitu gani. Nilimwonea wivu, na nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Wavuvi walikwisha kumpa habari, na tulipokaribia ufuko nikamwona kwa mbali, kitambaa chekundu kichwani, ananipungia mkono.

Moteri ikakohoa: PAA!

Tukalala juu ya katoni za dawa. Papa Comptable alibaki wima, anapunga kofia.

"Inukeni," akasema. "Iko moteri tu."

Nikainua kichwa. Ufuko ulikuwa mtupu. Nikaita "Mama!" kama mtoto mdogo. Ndipo majani ya viazi yakatikisika, kitambaa chekundu kikachomoza polepole. Alikuwa amelala kifudifudi, mikono juu ya kichwa, sawasawa kama sisi, kama mtu aliyekwisha kulala hivyo mara nyingi.

Mashua ikagusa mchanga, tukatazamana, yeye na udongo kidevuni, mimi na alama ya katoni shavuni. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Tukaulizana kwa pamoja:

"Na weye, nani alikufundisha?"